Matone Kumi Kwenye Kahawa ya Anton

Anton alinipigia simu Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi, anacheka.

"Elo, hebu kisia nimetoka wapi."

"Wapi tena?"

Simu nilikuwa nimeibana kwa bega. Mkono mmoja unamimina maziwa, mwingine unadondosha matone ya CBD, mafuta ya bangi isiyolevya, kwenye kahawa ya mwalimu mstaafu anayekuja kila siku na gazeti lake. Pale mgahawani kwetu mjini Pueblo, Mtaa wa Union, nusu ya wateja wa asubuhi hawanywi kahawa bila matone yale. Huyu magoti yanamsumbua, yule hana usingizi, yule mwingine ana mume.

"Kukojoa kwenye kikopo!" Anton akasema. "Kompyuta imelitoa jina langu. Hata koti sijavua, msimamizi ananiambia Bwana Kochevar, twende ukapimwe dawa za kulevya. Mtu mzima na ndevu zangu, nimesimamiwa mlangoni kama mtoto wa chekechea."

Sikucheka. Kwenye kikombe cha mwalimu tone la kumi na moja likadondoka, likafuata la kumi na mbili, na la kumi na tatu.

"Elo? Upo?"

"Nipo."

"Majibu Ijumaa. Mbona umepoa? Aliyepimwa ni mimi."

"Wateja wamejaa, mpenzi."

"Haya, nakuacha. Ila kahawa ya leo, mh! Umeitia nini?"

Alikuwa anatania tu. Anton akisifia kitu lazima aulize kimetiwa nini, hata mayai ya kukaanga. Lakini mimi nilishika ukingo wa meza.

"Asali," nikamwambia.

Akacheka tena, akakata simu. Nikaimwaga kahawa ya mwalimu, nikamtengenezea nyingine.

Anton ni dereva wa treni ya mizigo. Miezi minane nyuma alikuwa anaingia mjini na mabehewa mia moja na kumi ya ngano, gari dogo likakwama katikati ya kivuko cha reli. Treni ya namna hiyo haisimami kwa kutaka. Alivuta breki, akapiga honi, halafu akabaki kutazama tu, maana hakuna kingine cha kufanya. Mama aliyekuwa ndani ya gari alichomoka na mtoto wake mchanga kifuani zikiwa zimebaki sekunde chache. Gari likasagwa. Hakuna aliyeumia. Kila mtu alimwambia Anton amshukuru Mungu, naye akamshukuru. Lakini kuanzia siku ile mikono yake haikutulia tena, na usingizi ukamhama.

Nilimsihi aende kwa daktari wa reli. Akasema, "Wakishaniandika kwenye faili lao, sitoki." Nikamwambia ajaribu matone, nusu ya mji inatumia. Akanitazama kwa huruma.

"Kazini kwetu hawaulizi bangi ya aina gani, Elo. Inayolevya, isiyolevya, wakiikuta wameikuta. Nina miaka kumi na mmoja kwenye reli. Usinitajie tena."

Sikumtajia tena. Kila asubuhi alikuwa anapitia mgahawani kujaza themosi yake kabla ya kwenda kazini. Siku moja nikamwona kupitia dirishani, ameegesha gari nje na hashuki. Alikuwa amebana mikono katikati ya magoti, kichwa kimeinama juu ya usukani. Dakika kumi nzima. Kisha akajifuta uso, akavaa tabasamu kama mtu anavyovaa kofia, akaingia.

"Habari ya asubuhi, mrembo wa Union!"

Mgongo wangu ukiwa kwake, nikahesabu matone kumi kwenye themosi. Nikatia asali, nikakoroga, nikamkabidhi na busu. Nilifanya hivyo asubuhi kumi na tisa.

Na alitulia, Mungu wangu! Wiki ya pili akalala usiku kucha. Akaanza kula sahani mbili za pilipili za kijani na maharage kama zamani, akaanza tena kuimba ovyo. Mama yake, Bi Bernadine, ambaye mwaka mzima alikuwa ananiita "yule binti anayeuza bangi kwenye vikombe", alisema ni sala zake za siku tisa zimejibiwa. Kwa furaha hiyo akalegeza kamba. Jumapili ya wiki hiyo alikuwa amenialika chakula cha mchana tupange tarehe ya harusi.

Na sasa Anton amekojoa kwenye kikopo.

*

Mchana huohuo nikaendesha gari hadi shambani kwa Mjomba Celestino, huko juu kwenye uwanda wa Mesa. Yeye ndiye anayelima mmea wenyewe na kutukamulia mafuta. Nilimkuta kati ya mistari, anang'oa magugu.

"Mpwa wangu, mtu akija shambani na viatu vya mgahawani, kuna msiba," akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mjomba, yale matone. Mtu akipimwa mkojo, yanaonekana?"

Akajinyoosha taratibu, akivua glavu.

"Inategemea. Yapo niliyoyachuja nikabakiza CBD tupu. Yapo yenye kila kitu cha mmea, pamoja na chembe ya kile kilevi. Ulichukua chupa gani?"

"Ya kahawia."

"Hiyo ina kila kitu."

"Chembe hiyo inaonekana?"

"Kwa mwingine haionekani miezi sita. Kwa mwingine inaonekana kwa wiki mbili. Miili haifanani." Akanikazia macho. "Nani amepimwa, Eloisa?"

Nikatazama pembeni.

"Niambie siyo yule dereva wa treni."

"Alikuwa halali, Mjomba! Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu!"

"Na anajua?"

Nikatikisa kichwa. Mjomba wangu ni mtu wa mizaha, hata msibani hukosi kucheka ukikaa naye. Siku hiyo alitia glavu mfukoni na hakutania.

"Mimi nawauzia watu kitu wanachokiomba," akasema. "Huyo hakuomba."

Nililia njia nzima ya kurudi mjini.

*

Jumatano nilimpa kahawa tupu na asali, na Alhamisi pia. Kila aliponyanyua themosi nilimwangalia vidole. Alhamisi jioni tulikaa kula kwenye baa ya karibu na stesheni, na alipomwaga mchuzi wa pilipili mezani mimi nilishtuka kuliko yeye.

"Umekuwaje wiki hii?" akaniuliza, akipangusa. "Unanitazama kama mimi mgonjwa."

"Nakutazama kwa sababu wewe mzuri."

"Hilo kweli," akasema, na kunikonyeza. Lakini kiganja alikifuta kwenye suruali, mara mbili.

Kila simu ilipolia nilikuwa naruka. Nilijifunza maneno ya kusema kama majibu yangekuwa mabaya. Ningesema ni mimi niliyetia, msimfukuze kazi yeye. Kisha nikakumbuka kwamba wao hawaulizi nani alitia. Wanauliza tu kimekutwa au hakikukutwa.

Ijumaa saa nane mchana, nikiwa nimeshageuza kibao cha mlangoni na kuanza kupandisha viti juu ya meza, akaingia. Alininyanyua juu, akanizungusha, miguu yangu ikapiga kiti chini.

"Safi!" akasema. "Mkojo safi kama maji ya mlimani. Msimamizi mwenyewe kaniambia."

Nilimkumbatia shingoni kwa nguvu hadi akakohoa, machozi yakinitoka. Yamekwisha, nikajiambia. Chupa ya kahawia nitaitupa leo. Hatajua, mama yake hatajua, na mimi nitasahau.

"Kuna jingine," Anton akasema, akanikalisha na yeye akakaa mbele yangu. Macho yalikuwa yanang'aa. "Nimeomba nirudishwe njia ya milimani. Wamekubali. Naanza Jumatatu."

Njia ile tangu ajali alikuwa ameikataa. Ni kupanda na kushuka, kona juu ya kona, na uzito wote wa treni mgongoni.

"Jumatatu hii?"

"Jumatatu hii. Elo, mimi nimepona. Unajua nilivyoogopa kwamba basi, ndiyo nimekwisha? Na sikwenda kwa daktari yeyote, sikumeza kidonge hata kimoja. Nimejikaza mwenyewe, na nimepona."

Alikuwa amenishika mikono yote miwili. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na chini ya ngozi, mbali kidogo, nilisikia ule mtetemo. Ulikuwa umerudi. Yeye alikuwa bado hajausikia, au hakutaka.

Ningeweza kunyamaza. Naapa, ulimi ulikuwa unataka kunyamaza. Lakini nilimwona huko juu, mabehewa mia nyuma yake, ameweka imani yake yote kwenye nguvu ambayo nilimkopesha mimi kwa matone.

"Anton, hujapona," nikasema.

Tabasamu likabaki usoni kidogo, halijui pa kwenda.

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nakutilia matone. Kwenye kahawa. Tangu siku niliyokuona ndani ya gari umeinamia usukani."

Aliondoa mikono yake taratibu, kama anayeogopa kuangusha kitu.

"Matone mangapi?"

"Kumi."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa. Niliacha Jumanne, uliponiambia umepimwa."

"Umehesabu."

"Nimehesabu."

"Kwa hiyo Jumanne ulijua. Mimi nacheka kwenye simu, wewe unajua." Sauti haikupanda. Afadhali angepiga kelele. "Nikakuuliza kahawa ina nini."

"Nilikudanganya."

"Ulisema asali."

"Anton, nilikuwa nakuona unakufa taratibu..."

"Nilikuambia hapana, Elo! Nilikuambia kwa mdomo wangu, ukanisikia!" Akasimama, kiti kikarudi nyuma. "Na hujui hata kilichoniuma zaidi. Siyo kazi. Wiki iliyopita niliamka nimelala saa saba mfululizo. Nikaingia bafuni, nikajitazama kwenye kioo, nikajipigia makofi. Peke yangu, kama mwehu. Nikasema, Anton, umeshinda." Akameza mate. "Kumbe nilikuwa nakupigia wewe."

Nikaivuta pete ya uchumba kidoleni, ikagoma kwenye kifundo, nikaendelea kuivuta.

"Acha," akasema. "Sijakuomba pete. Naomba uniache nitoke."

Akatoka. Nilimwona kupitia dirisha lilelile, ameketi kwenye gari lake. Safari hii hakuinama. Aliviangalia viganja vyake, akavigeuza, akaviangalia tena. Kisha akaondoka.

*

Jumamosi nilipiga simu mara sita. Hakupokea. Jumapili nikajivika gauni nililolinunua kwa ajili ya chakula kile na kwenda kwa mama yake bila kujua kama bado nimealikwa. Nilijiambia nitasema mwenyewe, uso kwa uso, asije akasikia kwa mwingine.

Bi Bernadine alifungua mlango na unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa anasukuma donge la potica, ule mkate wa kuviringisha wenye njugu anaoupika siku kubwa tu.

"Umekuja," akasema. Hakuwa amefurahi, hakuwa amekasirika. "Ingia, unanipotezea joto."

Nikasimama jikoni kama mshtakiwa.

"Anton jana alimpigia msimamizi wake," akaanza, akirudi kwenye kifimbo chake cha kusukumia. "Kaikataa ile njia ya milimani. Kaomba apewe daktari. Nikamuuliza kwa nini, mwanangu, si umeshapona? Hanijibu. Yupo gereji toka asubuhi anafungua kitu na kukifunga. Nikajua ni wewe. Mmegombana nini?"

"Nilimtilia matone ya CBD kwenye kahawa, Mama. Siku kumi na tisa. Bila kumwambia."

Kifimbo kilitua mezani kwa kishindo hadi bakuli la njugu likaruka.

"Bangi! Kwenye kahawa ya mwanangu!"

"Siyo ile inayolevya..."

"Usinifundishe! Mimi nimepiga magoti siku tisa, magoti yangu haya mabovu, namshukuru Bikira Maria, kumbe namshukuru mjomba wako!"

"Nisamehe, Mama."

"Angefukuzwa kazi!"

"Najua."

"Angeua watu!"

"Najua. Ndiyo maana nilimwambia."

Akakishika tena kifimbo, nikadhani atanirushia. Akasukuma unga mara moja, mara mbili. Akasimama.

"Majibu yake yalitoka safi," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Basi asingejua kamwe."

"Asingejua."

"Na ukamwambia hivyohivyo."

Bi Bernadine akavuta kiti akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi jikoni kwake.

"Baba yake Anton alikuwa mlevi wa ile gongo ya matunda ya plamu," akasema. "Glasi tatu kila jioni, akitoka kiwanda cha chuma. Mimi nikawa naongeza maji kwenye chupa. Kwanza kidogo, halafu nusu kwa nusu. Miaka ishirini na mbili, binti. Akawa anawaambia wenzake, mimi nina kichwa kigumu, nakunywa na silewi. Wakamwita Joe Kichwa. Kwenye mazishi yake walisimulia hivyo, watu wakacheka, mimi nimekaa mstari wa mbele nautazama mkoba wangu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa vyote.

"Nilimtunza vizuri," akaendelea. "Lakini kila aliponitazama na kujisifu, nilikuwa mbali naye kama niko nchi nyingine. Nilisema nitamwambia Krismasi. Nikasema akistaafu. Mwishowe nikamzika na siri hiyo." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, unga ukabaki puani. "Wewe umeshindwa kuitunza siri ya siku kumi na tisa. Mimi nakuonea wivu, na nimekukasirikia vilevile. Usidhani nimeacha."

"Mama."

Tuligeuka wote. Anton alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono imejaa grisi. Sijui alikuwapo tangu lini.

"Baba alikuwa anakunywa maji?"

"Nusu maji," mama yake akasema, kichwa chini.

"Miaka ishirini na mbili?"

"Na miezi kadhaa."

Midomo ya Anton ikaanza kucheza. Akajaribu kuibana, ikamshinda. Kicheko kilichomtoka kilikuwa kikubwa, cha kumpinda mgongo, na katikati kikageuka kikawa kitu kingine. Akaegemea fremu ya mlango akilia, mabega yanapanda na kushuka. Mama yake akamwendea akamshika kichwa, akamchafua unga nywele zote. Mimi sikusogea. Sikujua kama bado nina haki ya kusogea.

Baadaye alinawa kwenye sinki, muda mrefu. Akanigeukia maji yakimdondoka. Macho yalikuwa mekundu na yamechoka.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nikifikiria lile neno asali, nachemka upya."

"Najua, Anton."

"Wamenitoa kwenye treni hadi daktari atakaposema. Huenda ikawa mwezi, huenda miwili. Kesho ndiyo mara ya kwanza." Akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka waziwazi, na kwa mara ya kwanza hakuuficha. "Nimemwambia mama abaki nyumbani. Akija ataongea na daktari kabla yangu."

"Nitaongea kweli," Bi Bernadine akasema kutoka mezani, ambako kifimbo kilikuwa kimeanza tena.

"Lakini peke yangu sitaki," Anton akasema. "Nikifika mlangoni nitageuza gari, najijua. Wewe utakaa nje tu. Hutaingia, hutasema chochote, hutaniuliza nikitoka."

"Nitakaa nje."

"Huenda nisiongee na wewe njia nzima."

"Usiongee. Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu asubuhi."

"Nitakuja saa mbili," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti, akaketi, na kwa mguu wake akakisogeza cha pili kidogo, upande wangu.